Daktari Akiwa Mateka: Somo kwa Vikundi Vyetu



Ukishuka Bonde la Ufa kwa barabara ya zamani ya Mai Mahiu, utaona kanisa dogo kando ya njia. Lilijengwa mwaka 1942 na mateka wa vita, Waitalia waliotekwa na Waingereza. Wengine wao waliwekwa hapa kwetu, katika kambi ya Londiani. Sasa, watu wengi wakifungiwa pamoja, magonjwa hayakosi. Ni nani huwatibu?

SHERIA INASEMAJE?

Mkataba wa Geneva wa 1929 ulitaka kila kambi iwe na mahali pa kutibia wagonjwa, na mateka wapimwe angalau mara moja kwa mwezi. Mkataba wa 1949, ambao Kenya ilijiunga nao 1966, unasema daktari wa jeshi akishikwa hahesabiwi kuwa mateka. Anaweza kuzuiliwa kambini ili atibu wenzake, lakini halazimishwi kazi nyingine.

SHERIA ISIPOFUATWA

Wazee wetu wa KAR walikwenda Burma 1944 kupigana na Wajapani. Kabla hawajafika, Wajapani walikuwa wamewalazimisha mateka kama 60,000 kujenga reli ya kutoka Thailand hadi Burma. Zaidi ya 12,000 walikufa kwa njaa, malaria, kuhara damu na kipindupindu.

Kati ya madaktari waliotekwa alikuwako Edward Dunlop, mpasuaji wa jeshi la Australia. Dawa karibu hazikuwepo. Basi yeye na wenzake walifanya hivi:

1. Walihimiza maji ya kunywa yachemshwe na vyoo vichimbwe vizuri.

2. Walitengeneza vifaa kwa mianzi. Mpira wa kifaa cha kusikilizia moyo uligeuzwa kuwa wa dripu.

3. Maofisa walichanga sehemu ya malipo yao madogo, wakawanunulia wagonjwa mayai ya bata.

4. Waliwakatalia walinzi waliotaka kupeleka wagonjwa kazini. Dunlop alipigwa kwa sababu hiyo.

Kwenye reli hiyo hiyo, vibarua wa Kiasia walikufa wengi zaidi. Wengi wao hawakuwa na daktari wala uongozi wao wenyewe. Kazi ilikuwa moja, magonjwa yale yale. Kujipanga ndiko kulikookoa wengi.

NA SISI JE?

Sisi hatuko kifungoni, lakini zahanati huwa mbali na dawa huisha. Siku ya bonasi ya majani chai, kabla pesa hazijapotea, kikundi kiweke kidogo katika mfuko wa wagonjwa. Kila mama na baba ajue maji ya kumpa mtoto anayehara: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote visawazishwe, visijae kupita kiasi. Mpe kidogo kidogo huku mkimpeleka zahanati.

YA KUJADILI KIKUNDINI

• Mwenzetu akiugua usiku, nani atampeleka, na kwa pesa gani?

• Ni nyumba ngapi kati yetu hazina choo?

Someni pamoja Mathayo 25:36.