Nenda Nuu kama mgeni, usiende kama mtalii

Wikendi ndefu ikikaribia, najua mawazo yako yameelekea wapi. Diani, Naivasha, au ile nyumba ya kukodi kule Nanyuki ambayo kila mtu unayemjua ameshapigia picha. Hakuna ubaya. Ila safari hii hebu nikushawishi uende upande ambao marafiki zako hawaendi: Nuu.

Nuu iko mashariki mwa mji wa Mwingi, kaunti ya Kitui. Kutoka Nairobi unapanda matatu ya Mwingi, mnapita Thika na Matuu, kama kilomita 170 hivi za lami. Pale Mwingi unabadilisha gari, na kuanzia hapo saa yako weka mfukoni. Gari linaondoka likijaa. Utaketi karibu na mama aliyebeba vifaranga kwenye katoni, na kabla mfike atakuwa ashajua jina lako, la babako, na kwa nini hujaoa. Mjibu tu. Ziara yako imeanza.

Njiani ni vumbi jekundu, migunga na mibuyu, mpaka uone vilima vya Nuu vimeinuka mbele yako.

Ukifika, salamu kwanza. Mzee akikwambia "Wakya?" unajibu "Aa." Basi. Usimrushie "Niaje" babu wa watu. Nyanya wa boma utamwita susu, na asante ni "ni muvea." Kama wewe ni Mkamba uliyezaliwa Pipeline au Donholm na Kikamba chako kimeishia hapo, usione haya. Watakucheka kidogo, halafu watakufundisha.

Usitarajie kuhudumiwa kama hotelini. Ukitaka kula muthokoi, utapewa mchi. Mahindi hutiwa maji kidogo, yakatwangwa kinuni hadi maganda yatoke, yakapepetwa, kisha yakapikwa taratibu pamoja na maharagwe, kunde au mbaazi. Dakika tano za kutwanga na mabega yatakwambia ukweli kuhusu ile jimu unayolipia kila mwezi. Lakini chakula hicho kikiiva kwa mafiga matatu, hutauliza kama kuna chipsi.

Jioni, keti karibu na wanawake wanaosuka viondo. Tazama nyuzi za mkonge zikisokotwa kwa kiganja juu ya paja, uzi baada ya uzi. Zamani nyuzi hizo zilitoka pia kwenye gamba la mbuyu. Kiondo kimoja kizuri hula siku nyingi. Ukishaona hivyo, hutathubutu tena kumwambia muuzaji, "Mama, hii punguza."

Ukibahatika kukuta kilumi, ngoma kubwa zikilia na akina mama wazee wakicheza, jua kwamba hapo si jukwaa la burudani. Ngoma hiyo inahusiana na mizimu na kuomba mvua. Uliza kabla ya kutoa simu. Vivyo hivyo kwa ithembo, mahali pa ibada ya jadi penye miti ambayo haikatwi. Ukiambiwa hapaingiwi, hapaingiwi.

Halafu kuna hili la kumwambia yule rafiki anayedhani huku ni "mashambani" tu. Mwaka 1849, mmishenari Mjerumani Ludwig Krapf alifika Kitui akiwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba aliyekuwa akipeleka misafara hadi pwani. Ni huko Kitui ambako Krapf aliuona mlima wenye theluji ambao wenyeji waliuita Kiinyaa. Jina la nchi yako, lile lililo kwenye pasipoti, linafuatilia njia hiyo.

Lakini kitu kitakachokukaa moyoni zaidi ni maji.

Asubuhi, omba uende na vijana mtoni. Kiangazi utakuta mto hauna tone, mchanga mtupu. Watachimba shimo kwa mikono na kibuyu, wangoje, na maji yatapanda polepole. Mchanga ndio tangi lao. Ndiyo maana Kitui kuna mamia ya mabwawa ya mchanga, ambayo shirika la SASOL lilianza kuyasambaza miaka ya 1990. Ukuta hujengwa kukatiza mto wa msimu, mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma yake, na maji hukaa humo ndani ambako jua haliyafikii kwa urahisi. Mawe yanabebwa na wanakijiji wenyewe kwa mwethya, ile kazi ya pamoja: leo kwako, kesho kwangu.

Sasa fikiria lori linaloingia mtoni usiku na kuondoka na mchanga huo. Linapouchukua, linachukua pia maji ya miezi ijayo. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ilipiga marufuku kusafirisha mchanga na makaa nje ya Kitui, na watu wa mjini tukalalamika bei imepanda. Ghorofa unayoishi, ile yenye roshani ya kupigia selfi, huenda ilijengwa kwa mchanga wa mto wa Ukambani. Sikulaumu, nami naishi kwenye moja. Lakini ukishasimama kando ya lile shimo ukingoja mtungi mmoja ujae kwa nusu saa, neno "mchanga" halisikiki tena vile lilivyokuwa.

Ukiamua kwenda, tafuta mwenyeji kwanza, hata kama ni binamu wa mwanafunzi mwenzako. Mvua kubwa ya huko ni ya Oktoba hadi Desemba. Ukienda Desemba utaona kijani, ukienda Septemba utaona hali halisi. Beba sukari na majani ya chai, usiende mikono mitupu. Nunua asali na kiondo papo hapo, kwa bei uliyotajiwa.

Na siku ya kuondoka, susu atakujazia mbaazi kilo mbili ambazo hukuomba, na matatu inapiga honi. Usikatae. Mtalii hapewi mbaazi.