Matundu ya USB ya Mbele: Tuhakiki Kabla ya Kuwasha



Mara nyingi kompyuta hufunguliwa ili isafishwe, ikafungwa, na matundu ya USB ya mbele yakagoma. Tuone namna ya kuyaunganisha.

Kwanza tuzime, tuchomoe waya wa umeme, kisha tuguse chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. Kwenye madabodi tutafute pini 9 za USB 2.0: safu moja 5, nyingine 4. Pengo la pini isiyokuwepo hulingana na kitobo kilichozibwa kwenye plagi. Isipoingia, tusilazimishe.

Ikiwa kila waya una kichwa chake, kila safu huhudumia tundu moja: nyekundu (volti 5), nyeupe, kijani, na nyeusi upande wa pengo. Tuthibitishe kwa kitabu cha madabodi, kwani pini za 1394 hufanana na hizi, nazo hubeba volti 12.

Tukikosea, flashi ya mwenzetu yenye darsa zake inaweza kuungua. Kitu cha mtu ni amana, na kuharakisha si udhuru.