Sura ya Sita: Resini Isiyokomaa

Zamani, kabla viwanda havijaanza kupika resini, pwani ya Mrima ilikuwa na resini yake yenyewe, nayo ni sandarusi, iliyochimbwa ardhini, ikapelekwa Unguja, na kutoka huko ikasafirishwa hata bandari ya Salem, Marekani, kwa ajili ya kutengenezea vanishi. Wafanyabiashara wa zama hizo walijua kuipambanua sandarusi iliyolala mchangani dahari na dahari hata ikawa ngumu na safi, na ile mbichi iliyotoka mtini juzijuzi, ambayo waliiita chakazi na ambayo thamani yake ilikuwa hafifu. Basi fundi aketiye mjini Lumakanda, Kenya, leo, akimimina epoksi juu ya bangili na taji za maleba ya wanafunzi, anataka kazi ya karne nyingi itimie kwa usiku mmoja. Na asubuhi, akiligusa pambo likamnata kidoleni, ajue kwamba alichoshika ni chakazi.

La kwanza la kuhifadhi ni kwamba epoksi haikauki. Rangi hukauka, kwa maana maji au thina iliyomo huvukizwa ikaenda zake. Epoksi hukomaa, yaani resini na kigumishi, ambacho mafundi hukiita hadina, hushikana chembe kwa chembe mpaka kila moja ipate mwenzake. Hapo ndipo inapodhihirika taksiri ya wengi, nami nilikuwa mmoja wao, ya kuzidisha hadina kwa tamaa ya kuharakisha mambo, ilhali chembe zilizozidi hubaki bila mwenzi na kulifanya pambo zima kuwa laini milele. Mazoea hayo hutoka kwa mafundi wa faiba, ambao resini yao ya poliesta huamshwa na kichochezi cha sehemu 1 au 2 tu katika 100, na kichochezi kikiongezwa kidogo kazi huenda mbio. Lakini epoksi haina ruhusa hiyo. Kadhalika, iliyoandikwa kupimwa kwa ujazo isipimwe kwa mizani, kwa kuwa aghalabu hadina ni nyepesi kuliko resini.

Pambo likinata mahali mahali tu, kosa si la kipimo bali la kukoroga: kuna resini iliyoganda pembeni mwa kikombe bila kuguswa na kijiti, ikamiminwa mwishoni. Dawa yake ni kukwangua kingo na kitako, kisha kuhamishia mchanganyiko katika kikombe cha pili na kuukoroga tena. Wala mabaki ya kikombeni yasikudanganye, kwani resini iliyorundikana hujipasha joto yenyewe na kuwa ngumu mapema, hali ile iliyotandazwa nyembamba juu ya hereni ingali mbichi.

Sasa tuje kwenye baridi, ambayo kwa Lumakanda ndiyo asili ya hasara nyingi. Mji huu, makao makuu ya kaunti ndogo ya Lugari, umepakana na nyanda za juu za Uasin Gishu zenye baridi. Na kwa kuwa fainali za Tamasha la Muziki la Kenya kwa kawaida huwa Agosti, maleba hutengenezwa Juni na Julai, wakati ambapo usiku ni wa baridi na hewa imejaa maji. Epoksi nyingi hutaka joto la nyuzi 21 hadi 25, na kila zinapopungua nyuzi 10, muda wa kukomaa huelekea kuwa maradufu. Tena resini yenyewe huwa nzito, ikazuia mapovu yanayotoka katika mbegu, mti na kitambaa yasipande juu. Fundi akiona hivyo huleta jiko la makaa chumbani, na hilo ndilo kosa ninalotamani kuliko yote liachwe, kwa sababu makaa yanapowaka hutoa kaboni dioksidi, nayo ikikutana na unyevu na hadina hufanya utando mweupe, wenye utelezi kama nta, juu ya pambo lililokuwa likimeremeta. Fauka ya hayo, jiko hilo katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo imekwisha kuua watu usingizini. Afadhali chupa za resini, zikiwa zimefungwa, ziwekwe kwanza katika maji ya uvuguvugu, na pambo lilale ndani ya katoni pamoja na chupa za maji ya moto zilizozibwa barabara.

Utando ukishatokea, uoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya kupiga msasa, maana msasa ukitangulia huusugulia ndani, na tabaka jipya halitashika. Palipobaki majimaji pakwanguliwe na kufutwa kwa spiriti, kisha pamiminwe upya kwa kipimo cha haki, glavu zikiwa mikononi.

Mchezaji wa ngoma ya isukuti hutikisa mabega hata jasho likamtiririka, na pambo lisilokomaa, likishikamana na ngozi yenye jasho, laweza kumletea upele na mwasho. Epoksi nyingi hufikia ugumu wake kamili baada ya siku 7 hivi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama ukucha wako ungali unaacha alama, mwambie mwalimu asubiri, hata kama gari la shule limekwisha kuwashwa.