Fahamu: Fungu la kumi na mkono wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA)

Mama anayeuza mchele wa Kyela sokoni Mwanjelwa, Mbeya, analipa kodi, na Jumapili anatoa fungu la kumi. Je, kanisa nalo linalipa?

Sadaka haitozwi kodi. Ila kanisa halijasamehewa kila kitu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaangalia fedha imetoka wapi na imeenda wapi: iliyotumika kwa ibada au kusaidia maskini ina nafuu yake, lakini kanisa likipangisha fremu kwa wafanyabiashara, pango hilo lina kodi. Mchungaji anayelipwa mshahara naye anakatwa kodi ya mshahara (PAYE) kama mwalimu, na ni haki.

Kinachoniuma ni kanisa lisilowasomea waumini hesabu. Yule mama angepaswa kujua mchele wake umejenga nini.