Istilahi za Mashine ya Kusafishia Santuri

Mfasiri wa maelezo ya mashine ya kusafishia santuri hukabiliwa kwanza na neno moja gumu, nalo ni "ultrasoniki". Huenda akashawishika kuandika "sauti ya juu". Tafsiri hiyo haifai. Mteja wa Kariakoo akiambiwa kwamba chombo kina sauti ya juu, ataelewa kuwa kinapiga kelele. Ilhali mitetemo ya ultrasoniki huzidi 20,000 kwa sekunde, na sikio la binadamu haliisikii. "Sauti isiyosikika" nayo haitoshi, kwani hata mitetemo iliyo chini ya 20 kwa sekunde aghalabu haisikiki. Hivyo twapendekeza "mashine ya kusafishia santuri kwa mitetemo ya ultrasoniki".

Mashine nyingi za aina hii hutetema mara 40,000 hivi kwa sekunde. Mitetemo hiyo huzusha majini viputo vidogo mno, ambavyo hupasuka na kung'oa uchafu ndani ya mifuo, yaani njia nyembamba ipitayo sindano. Mfuo usichanganywe na mkwaruzo: mashine huondoa uchafu, haiponyi mkwaruzo.

Mnunuzi naye atazame kina cha beseni. Beseni dogo la kusafishia vito halifai kwa santuri yenye upana wa sentimita 30, ambayo husimamishwa wima na kuzungushwa polepole, mifuo ikizama na lebo ikibaki kavu. Maji yasiwe ya moto, maana vinaili hupinda.

Hatari kubwa zaidi imo katika neno "santuri" lenyewe, kwa kuwa hubeba vitu viwili. Santuri alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928 ni za shelaki. Zile za baadaye, za mizunguko 33 au 45 kwa dakika, aghalabu ni za vinaili. Baadhi ya maji ya kusafishia huchanganywa na spiriti, nayo spiriti huharibu shelaki. Mfasiri akiandika "santuri" tu mahali palipokusudiwa vinaili, msomaji mtiifu aweza kuangamiza kwa dakika chache sauti iliyohifadhiwa tangu enzi za babu zake.

Kwa hiyo hatuna budi kutofautisha "santuri ya shelaki" na "santuri ya vinaili" kila ionyo linapotolewa. Usahihi wa istilahi hapa si pambo la lugha. Ni hifadhi ya mali.