Roketi Inarudi Nyumbani, Mimi Narudia Fizikia

Wiki hii naomba tuachane kidogo na habari za nani kamwacha nani na nani kaonekana na nani. Tutazirudia, haziishi. Leo nataka nikupe mkasa wangu mwenyewe.

Kila mtu na ugonjwa wake bwana. Wapo wanaougua Simba na Yanga mpaka hawali. Wapo wanaougua tamthilia. Mimi ugonjwa wangu ni roketi. Tena siyo roketi zote, ni zile zinazopaa halafu zinarudi.

Kijiweni kwetu Tandika wananiita Nasa. Usidhani jina hilo lilianza kwa heshima. Lilianza kwa kejeli, na kejeli yenyewe ilinichoma mpaka moyoni. Tulia nikusimulie.

DALADALA LA KUTUPA

Kwanza tuelewane. Kwa miaka mingi roketi zilikuwa kitu cha kutumia mara moja. Chukua daladala jipya, litoke Mbagala na abiria wake mpaka Kariakoo, washuke, halafu dereva alipeleke Feri alitumbukize baharini. Kesho mnunue lingine. Nauli ingekuwa shilingi ngapi hapo? Basi ndivyo watu walivyokuwa wakienda angani.

Wamarekani walijaribu kubana matumizi kwa vile vyombo vyao vyenye mabawa vilivyoruka kuanzia 1981 hadi 2011. Vilirudi kweli, lakini kila vikirudi vilitaka matengenezo makubwa kabla ya kuruka tena. Mwaka 1993 huko New Mexico kikajaribiwa kidude kiitwacho DC-X. Kilipaa kidogo tu na kutua kwa matako, wima, kama kilivyoondoka. Kikaja kuungua 1996 baada ya mguu mmoja kugoma kufunguka. Soo hilo!

Ndipo wakaja kampuni ya SpaceX. Tarehe 21 Desemba 2015 sehemu ya chini ya roketi yao ya Falcon 9 ilirudi na kutua wima. Machi 2017 wakarusha tena sehemu iliyokwisha kutumika. Siku hizi hilo ni jambo la kawaida. Hata setilaiti ya jirani zetu Wakenya, Taifa-1, ilipanda Falcon 9 tarehe 15 Aprili 2023, na sehemu ya chini ikarudi kutua salama California.

Siku tano baada ya hapo ndipo ilipotokea kasheshe yangu.

KASHESHE YA MWEZI WA RAMADHANI

Falcon 9 hurudisha sehemu ya chini tu. Hawa jamaa wanataka roketi ambayo yote inarudi, juu na chini. Inaitwa Starship. Ilipoanza kuruka ilikuwa na urefu wa mita 120 hivi na injini 33 chini yake. Inarushwa kutoka Boca Chica, kusini mwa Texas, mpakani na Mexico, pembeni ya bahari.

Tarehe 20 Aprili 2023, Alhamisi, saa 10 na nusu jioni kwa saa zetu. Ramadhani ilikuwa ukingoni, watu wamekaa kijiweni wanasubiri futari. Mimi nilikuwa nimetangaza wiki nzima: jamani, roketi kubwa kuliko zote duniani inaruka! Nikanunua bando, nikaegemeza simu kwenye kreti la soda, watu kama kumi wakazunguka.

Ikawaka. Ikapaa polepole huku vumbi na vipande vya zege vikiruka, maana moto ulikuwa umechimba shimo pale chini. Injini nyingine hazikuwaka. Baada ya kama dakika nne ikaanza kupinduka angani kama mlevi, kisha... PUU! Moshi mtupu.

Wazungu kule wakapiga makofi. Kijiweni kwetu kimya. Halafu mshikaji mmoja, sitamtaja maana tunakula naye sahani moja, akasema: "Nasa, roketi yako imefeli kama wewe ulivyofeli."

Watu walicheka mpaka saumu zikawa mashakani.

Sasa msomaji, lazima nikwambie ukweli ambao mtaani nilikuwa nauzuga. Nilimaliza kidato cha nne 2021. Mwalimu alituandikia ubaoni kwamba F ni sawa na m mara a. Mimi nikaishia na F peke yake. Fizikia F, Hisabati F. Nikawa nawaambia watu nasubiri chuo. Chuo gani? Nilikuwa napaka rangi mageti kwenye karakana ya Baba Mdogo, fundi wa kuchomelea, na usiku naangalia roketi kwenye simu.

Ile kauli iliniuma kwa sababu ilikuwa ya kweli. Lakini kilichonisumbua zaidi ni yale makofi. Kwa nini wanashangilia kitu kimelipuka?

BABA MDOGO AINGIA KWENYE MCHEZO

Baba Mdogo hakuwa na habari na roketi. Kwake ulikuwa ni uvivu uliopewa jina la Kizungu. "Bwana mdogo, umeme wangu unachaji simu, simu yako inarusha roketi, nani anapaka geti la watu?"

Siku moja alipita nyuma yangu nikiangalia picha za kiwanda cha kule Texas. Akasimama. "Hebu rudisha hapo."

Nikarudisha. Ilikuwa mafundi wanaunganisha mapipa makubwa, yana kipenyo cha mita 9.

"Hicho ni chuma gani?"

"Ni stenlesi, Baba Mdogo."

"Acha uongo. Roketi ya stenlesi?"

Nikamweleza kwamba mwanzoni walitaka kutumia malighafi ghali ya nyuzi za kaboni, wakaachana nayo. Stenlesi ni rahisi kupata, inavumilia baridi kali ya oksijeni ya maji iliyo ndani ya tangi, inavumilia na joto la kurudi, na fundi anaweza kuichomelea. Mzee akavuta kigoda. Tangu siku hiyo akawa anaangalia mishono tu. Sijui habari za anga, alikuwa akisema, lakini mshono naujua.

Novemba 2023 ilipokuja safari ya pili, tuliangalia pamoja. Safari hii injini zote 33 ziliwaka. Shimo halikuchimbika, maana walikuwa wameweka bamba la chuma linalomwaga maji chini ya moto. Vipande viwili vikaachana vizuri, halafu vyote viwili vikalipuka kwa zamu. Nikashika kichwa.

Baba Mdogo akatikisa chake. "Mbona unasikitika? Kosa la kwanza limerudiwa?"

"Hapana."

"Basi hawajafeli. Anayefeli ni yule anayerudia kosa lile lile, au asiyerudi kabisa kujaribu." Akaniangalia kwa muda. "Wewe cheti chako kiko wapi, mwanangu?"

Nilidhani hajui. Kumbe alikuwa anajua siku zote. Mwaka 2024 nikajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, ada akatoa yeye. Masharti yake yalikuwa mawili: mchana rangi, usiku vitabu. Roketi ni siku ya roketi tu.

MNARA UNAODAKA

Machi 2024 safari ya tatu ilifika angani, ikapotea wakati wa kurudi. Juni, safari ya nne, bawa dogo la chombo likaanza kuyeyuka tukiliona, kioo cha kamera kikapasuka, na bado chombo kikajikongoja mpaka kikashuka taratibu Bahari ya Hindi. Ndiyo, bahari hii hii yetu, ila ng'ambo ya mbali kabisa upande wa Australia.

Halafu ikaja Jumapili ya tarehe 13 Oktoba 2024, saa 9:25 alasiri. Hapa naomba usome taratibu.

Ile sehemu ya chini peke yake ina urefu wa mita 71, sawa na ghorofa ishirini na ushee. Wazo lao lilikuwa irudi pale pale ilipoondokea, na mnara wenye mikono miwili ya chuma uidake ikiwa bado hewani. Kwa nini isitue kwa miguu? Kwa sababu miguu ni uzito, na uzito unaobeba wewe ni mzigo unaouacha wa mteja. Kwa hiyo miguu wameiacha chini, wameifunga kwenye mnara.

Safari hii kijiwe kizima kilihamia karakanani. Roketi ikapaa. Dakika mbili na ushee vipande vikaachana. Cha chini kikageuka, kikawasha injini, kikaanza kurudi. Kikashuka kwa kasi ya kutisha, kikawasha injini 13, zikabaki 3, kikasogea ubavu kuelekea mnarani huku kinawaka moto matako. Mikono ikafunga. Kikaning'inia! Dakika kama saba tu tangu kiondoke.

Wee! Baba Mdogo alirusha kofia ya kuchomelea. Yule mshikaji wa kejeli alinikumbatia kama nimeitengeneza mimi. Tangu siku hiyo nikiitwa Nasa naitika.

USIKU WA MTIHANI

Lakini siyo hapo nilipojifunza, msomaji wangu. Nilijifunza mwezi uliofuata.

Safari ya sita ilipangwa tarehe 19 Novemba, ambayo kwetu ni saa 7 kamili usiku wa kuamkia tarehe 20. Na tarehe 20 asubuhi mimi nina karatasi. Unaona mtego huo? Shetani akaninong'oneza: ni saa moja tu, utaangalia, utalala.

Saa 3 usiku nilimpelekea Baba Mdogo simu yangu. "Shikamoo. Naomba uifungie kabatini mpaka kesho." Akaipokea bila neno. Nikalala, ingawa usingizi wenyewe ulikuwa wa manati.

Asubuhi nakuta chai mezani na Baba Mdogo macho mekundu kama pilipili. Alikuwa ameamka saa 7 usiku, mzee wa watu ambaye saa 3 huwa anakoroma, akaangalia peke yake ili anisimulie.

"Hawakudaka," akasema. "Mnara haukuwa sawa. Wakakiambia nenda baharini, kikaenda, kikashuka vizuri."

"Kumbe wameshindwa."

"Wameshindwa nini? Fundi mwenye akili akiona kamba haiko sawa, hanyanyui mzigo. Bora ukose chombo kuliko ubomoe mnara. Na wewe leo swali usilolijua liruke, fanya unayoyajua, ndipo ulirudie. Kunywa chai."

Nilienda nalo hilo kwenye chumba cha mtihani. Nakwambia lilinisaidia kuliko vitabu vingine nilivyokopa.

MATOKEO

Januari 2025 ikaja safari ya saba. Cha chini kikadakwa vizuri, cha juu kikasambaratika, vipande vyake vikaonekana vikiwaka juu ya visiwa vya Turks na Caicos, ndege za abiria zikalazimika kukwepa. Wiki chache kabla yake, tarehe 30 Desemba, pete ya chuma ya roketi, kilo 500 hivi, ilikuwa imeanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya. Haikuua mtu, Mungu mkubwa. Ndiyo maana nasema roketi inayorudi kwa adabu siyo suala la pesa tu. Anayeishi chini naye ana haki yake.

Na matokeo yangu yakatoka mwezi huo huo. Hisabati C. Fizikia D. Nusu imedakwa, nusu imesambaratika. Nililia, nikacheka, nikaenda kumwonyesha Baba Mdogo. Akauliza swali moja tu: "F imerudi?" Haijarudi. "Basi paka geti, kesho tuanze."

Wale jamaa nao hawakulala. Machi wakapoteza chombo tena. Mei wakarusha upya sehemu ya chini iliyowahi kudakwa, kwa mara ya kwanza. Agosti mambo yakawa bomba. Ya 11 iliruka saa 8 na dakika 23 usiku kwetu, kuamkia tarehe 14 Oktoba 2025, Siku ya Nyerere. Ilikuwa sikukuu, hakuna kazi, hakuna mtihani, tuliangalia kwa raha zetu na kahawa. Chombo kikashuka Bahari ya Hindi kama kilivyopangwa.

Kwa wanaosema haya ni ya Wazungu peke yao, nina jibu moja. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei ya nyota. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Jina la Kiswahili liko kwenye vitabu vya wanaanga dunia nzima. Roketi yake tu ndiyo haikurudi.

Mimi najiandikisha tena, Fizikia peke yake. Naitafuta C. Na wewe uliyeficha cheti chini ya godoro, unayewaambia watu unasubiri chuo, kitoe. Mtafute Baba Mdogo wako, kila mtaa unaye mmoja.

Tukutane wiki ijayo, inshallah, tukirudi kwa nani kamwacha nani. Wasalaam!