Namba 4,294,967,297 na Dhana ya Fermat

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa aliyeifanya hisabati kuwa burudani yake, aliwaandikia wenzake juu ya namba za aina moja. Chukua 2, izidishe kwa yenyewe upate 4, nayo 4 izidishe kwa yenyewe upate 16, kisha 256, kisha 65,536. Kila mojawapo iongezee 1. Hupatikana 3, 5, 17, 257 na 65,537, na zote tano ni namba tasa, yaani hazigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Fermat aliamini kuwa mfululizo huo hautatoa kamwe namba isiyo tasa, ingawa alikiri kuwa uthibitisho hakuwa nao.

Namba ya sita ni 2³² + 1, yaani 4,294,967,297. Ili kuhakikisha kwa kugawanya tu kuwa ni tasa, ingebidi kuzijaribu namba tasa zote zilizo chini ya 65,536, nazo ni 6,542. Si ajabu, basi, kwamba dhana hiyo ilidumu. Mwaka 1729 Christian Goldbach alimwuliza Leonhard Euler, aliyekuwa Petersburg nchini Urusi, kama ana habari nayo. Mwaka 1732 Euler alitoa jibu:

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417

Katika orodha ya namba tasa, 641 ni ya 116 tu. Tena, kama Euler alivyoonyesha baadaye, kila kigawo tasa cha namba hii kikigawanywa kwa 64 lazima kiache baki 1. Namba tasa za kwanza za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577 na 641. Jaribio la tano lamaliza kazi.

Mwanafunzi aweza kulithibitisha jambo hili bila hata kugawanya. Namba 641 ni sawa na 640 + 1, na pia ni sawa na 5⁴ + 2⁴. Sasa, x⁴ − 1 hugawanyika daima kwa x + 1. Weka 640, ambayo ni 5 × 2⁷, mahali pa x: basi 5⁴ × 2²⁸ − 1 hugawanyika kwa 641. Vilevile 2²⁸ × (5⁴ + 2⁴), yaani 5⁴ × 2²⁸ + 2³², hugawanyika kwa 641. Toa ile ya kwanza katika hii ya pili. Hubaki 2³² + 1, nayo haina budi kugawanyika kwa 641.

Namba zilizofuata hazikuitetea dhana ya Fermat. Kuanzia ya sita hadi ya 33, zote zimethibitishwa kuwa si tasa. Ya 34, yenye tarakimu zaidi ya bilioni 2.5, haijaamuliwa bado. Lakini za ajabu zaidi pengine ni ya 21 na ya 25: imethibitishwa kuwa zinagawanyika, na hadi leo hakuna aliyekipata kigawo tasa hata kimoja cha mojawapo ya hizo mbili.